Kuitikia Jina la Marehemu

Mwangalizi wa uchaguzi alipewa kiti cha mtoto. Ndicho kilichobaki. Msimamizi wa kituo, kijana wa shati jeupe lililopigwa pasi hadi likashika adabu, alikuwa amekwisha kugawa viti vya watu wazima kwa makarani wake na kwa mawakala wa wagombea. Huyu mwanamke wa kizibao cha manjano, ambaye hakuwa wa serikali wala wa chama, akaonyeshwa kile cha darasa la kwanza kilichokuwa chini ya ubao. Alikuwa na mwili, si haba, na alipokaa magoti yalimpanda yakakaribia kidevu. Wakala mmoja akacheka. Mwenyewe akacheka zaidi yake, kwa sababu aibu ukiichekea wewe zaidi, wenzako huwaachii kitu.

Kwa kazi alikuwa fundi cherehani. Sare za shule ile alizishona yeye, na jana yake jioni alikipunguza mabega kile kizibao maana kilikatwa kwa kipimo cha dume. Mgongoni kiliandikwa MWANGALIZI HURU. Shirika lililomchukua kwa kazi hiyo ya siku moja lilimfunza yeye na wenzake katika ukumbi wa kukodi, wakanyweshwa soda, na mkufunzi akawakaririsha maneno ambayo fundi aliyapenda: kazi yenu ni macho na kalamu, mdomo uacheni nyumbani. Mwangalizi hagusi karatasi, hamwelekezi mpiga kura, hambishii karani. Anaona, anaandika, basi.

Hakutakiwa kuwa pale. Shirika halikutaka mtu aangalie kituo cha mtaani kwake, na yeye alipangiwa kituo cha zahanati, ng'ambo ya reli. Hata nyumbani aliaga hivyo: naenda zahanati, chai iko kwenye chupa. Mwanawe alikuwa amelala amegeukia ukutani, akaitikia kwa mguno. Njiani simu ikaita. Mratibu wa shirika alisema aliyepangiwa shule ya msingi ameamka na homa, na hana mtu mwingine.

"Mama, nifae leo tu," alisema. "Nani atajua?"

Fundi akageuza miguu.

Uchaguzi wenyewe ulikuwa mdogo, wa kuziba pengo. Diwani wa kata alikuwa amepata ulaji mnono zaidi huko juu, akaacha kiti, na sasa kiligombewa na watu wawili: mdogo wa tajiri mwenye ghala la nafaka, na mwalimu mmoja mstaafu, mwanamke, ambaye nusu ya wapiga kura wa kata alishawachapa viboko. Wakala wa mwalimu alikuwa muuza mkaa, jirani wa fundi, ukuta kwa ukuta. Wakala wa mdogo wa tajiri alikuwa kijana wa miwani ya jua ambayo hakuivua hata ndani ya darasa.

Msimamizi aliinua sanduku la kura, akaligeuza juu chini, akalizungusha kila mtu alione.

"Tupu," alisema.

"Kama mfuko wangu," muuza mkaa akadakia, na darasa zima likacheka, hata askari wa mlangoni.

Fundi aliandika kwamba sanduku lilionyeshwa tupu na likafungwa kwa lakiri mbele ya mashahidi. Aliandika kwa mwandiko wake wa kuandikia vipimo vya wateja, mkubwa na wa wima. Alijisikia mtu. Tangu mumewe afariki, hiyo ilikuwa siku ya kwanza ambayo alikaa mahali kwa sababu ameitwa, hakwenda kuomba, wala hakuna aliyemwambia apige foleni.

Watu wakaanza kuingia. Utaratibu ulimpendeza kwa unyoofu wake. Mpiga kura anatoa kadi, karani analisoma jina kwa sauti ili mawakala walitafute kwenye nakala zao za daftari, mwenye jina anaitika, anapewa karatasi, anakwenda nyuma ya kisitiri cha maboksi, anatumbukiza, anachovya kidole kwenye wino, anaondoka. Wazee walitangulizwa. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alitangulizwa. Fundi aliyaandika yote hayo, na akilini akajiambia kwamba kumbe watu wakiamua, jambo linakwenda.

*

Jua lilipopanda likaja lori la ghala. Fundi alilisikia kabla hajaliona, kisha dirishani akawaona wapagazi wanaruka chini, shingo zao nyeupe kwa vumbi la unga. Nyapara wao alishuka mlango wa mbele. Nje, kuzunguka shule, ulichorwa mstari wa chokaa ambao mtu wa kampeni haruhusiwi kuuvuka, naye nyapara akaenda kusimama hapo hapo, ncha za viatu zikiugusa mstari, kijiti cha meno mdomoni.

Wapagazi walimjua fundi. Walikuwa wenzake mumewe, ndio waliolibeba jeneza lake.

"Shikamoo, shemeji," walimnong'oneza mmoja mmoja wakipita, naye akawa anaitikia kwa kichwa tu, kwa sababu mdomo aliuacha nyumbani.

Mmoja, mcheshi wao, aliponyoosha kidole kwa karani wa wino alimwambia, "Tia barabara, dada, usije ukatoka nikioga. Kesho getini kidole ndiyo pasi. Asiye na wino harudi kazini."

Makarani wakacheka. Wakala wa miwani ya jua akajikohoza. Fundi hakucheka. Akafungua fomu yake atafute mahali pa kuandika maneno yale, akapita kipengele kwa kipengele: kituo kilifunguliwa kwa wakati, ndiyo au hapana, wino upo, ndiyo au hapana, kuna aliyejaribu kupiga kura kwa jina lisilo lake, ndiyo au hapana. Hapakuwa na mahali pa kidole cha getini.

Alishukuru tu kwamba mwanawe, ingawa naye alibeba magunia kule ghalani, hayumo. Mwanawe hakuwa na kadi ya mpiga kura, wala kadi ya aina yoyote yenye jina lake. Nyapara hawezi kumdai kitu asichokuwa nacho. Hivyo ndivyo alivyojiliwaza, na bado alikuwa anajiliwaza pale wa mwisho katika foleni ya wapagazi alipovuka kizingiti, mrefu, kofia imeshushwa hadi kwenye nyusi, akampa karani kadi iliyochakaa pembe zote.

Karani akalisoma jina.

Lilikuwa jina la mumewe.

 Fundi aligeuka kuangalia mlango kabla akili haijafika. Ni kitambo kifupi mno, lakini katika kitambo hicho alikuwa mke anayesikia mumewe anaitwa, akageuka amwone. Tangu azikwe, hakuna aliyelitamka jina lile mbele yake likiwa zima namna hiyo. Nyumbani walisema marehemu, au baba, au yeye.

"Nipo," akaitika yule mrefu, haraka, bila kusita.

Na sauti ilikuwa ya mwanawe.

*

Yeye ndiye aliyemfundisha kuitika hivyo. Mumewe alikuwa mpagazi wa ajira ya kudumu, jina lake limo kwenye orodha ya ghala, na wa kudumu analipwa mwisho wa mwezi, mvua inyeshe isinyeshe. Kibarua analipwa kwa gunia, na siku ambayo hakuna gunia anarudi na mikono. Kifua kilipomuua yule bwana, nyapara alikuja msibani, akamvuta fundi kando.

"Shemeji, jina nikilifuta, limefutika. Tajiri haandiki wa kudumu siku hizi. Lakini nikiita na mtu akaitika, mimi nitajuaje?"

Kijana alikuwa shuleni, akatolewa. Cheti cha kifo hawakwenda kukichukua. Mahali popote penye daftari, yule baba aliendelea kuishi, na mshahara wake, baada ya nyapara kukata chake, ukaendelea kununua unga na kulipa kodi ya chumba. Wiki ya kwanza kijana alikuwa anasita getini, wenzake wanamcheka. Fundi alimketisha mbele ya cherehani, akamwambia bila kuinua macho kutoka kwenye mshono:

"Ukiitwa, itika. Usisite. Mtu husita kwa jina la kuazima, hasiti kwa lake. Sema nipo, ingia, beba gunia."

Akajifunza. Alijifunza vizuri kabisa.

Sasa kijana alikuwa hajamwona. Kizibao cha manjano alikiona, uso hakuutazama, kwani kwake mama yuko zahanati, ng'ambo ya reli. Alisimama anangoja karatasi, mabega yameinama kidogo mbele kama ya baba yake. Baba yake alipata mabega hayo baada ya nusu ya umri wake chini ya magunia. Kijana alikuwa ameyapata mapema.

"Napinga," muuza mkaa akasema.

Msimamizi akainua kichwa. "Unapinga nini, mama?"

"Mwenye jina hilo alishakufa. Mimi nilikesha msibani kwake, nikapika mwenyewe."

Kijana akageuka kuangalia sauti inatoka wapi, akamwona jirani yake, kisha macho yakateleza yakamfikia mama yake kwenye kile kiti kidogo. Aliishusha kofia zaidi. 

"Majina yanafanana," wakala wa miwani ya jua akasema. "Mwacheni mfanyakazi apige kura, kazi zinamsubiri."

"Yanafanana yote matatu?" muuza mkaa akamgeukia. "Na mwaka wa kuzaliwa je? Hebu soma huo mwaka, mwanangu. Huyu ana umri wa kuwa babu?"

Msimamizi akaichukua kadi, akaisogeza kwenye mwanga. Picha ilikuwa imefifia, yamebaki masikio na paji la uso, na masikio yale kijana aliyarithi. Msimamizi alitazama picha, akatazama kijana, akatazama dirishani kule alikosimama nyapara wa tajiri. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye kazi ambayo hakutaka kuipoteza, na wa namna hiyo wako wengi.

"Kukisia umri wa mtu si kazi yangu," alisema.

"Basi mwulize mwenye msiba!" muuza mkaa akanyoosha mkono kuelekea ubaoni. "Huyo hapo. Marehemu alikuwa mumewe."

Darasa likageuka zima.  Fundi akakiangalia kidole chake cha sindano, kilivyochanjwachanjwa.

"Mwangalizi haulizwi," msimamizi akasema, na sauti yake ilionyesha amepata nafuu. "Sheria iko wazi. Hapigi kura, hashuhudii, hasemi. Jina limo daftarini, kadi ipo, wakala amepinga. Katika hali hiyo mwenye kadi anakula kiapo. Akiapa kwamba ndiye, anapewa karatasi. Akiapa uongo, ni kosa la jela, na hilo ni lake yeye, si langu." Akamgeukia kijana. "Umenielewa?"

"Nimeelewa."

"Uko tayari?"

Kijana alimtazama mama yake. Kisha akatazama dirishani. "Niko tayari."

Hapo fundi angeweza kunyamaza. Hilo ndilo litakalomtafuna maisha yake yote, kwamba kila kitu kilimruhusu anyamaze: sheria, msimamizi, mkufunzi na soda yake. Mlango ulikuwa umefungwa mbele yake kwa adabu, akiwa upande wa salama. Lakini yeye aliogopa kiapo kuliko alivyoogopa askari. Aliona mwanawe anainua mkono wa kulia, na mbele ya watu na Mungu anakwenda kusema kwamba yeye ni mtu aliye kaburini. Kuitika jina getini lilikuwa jambo la tumbo, Mungu anajua njaa. Kuapa lilikuwa jambo jingine. Jela ya kiapo ilikuwa nyuma ya mkono ule, na pengine balaa isiyo na jina, ya kumwita maiti ashuhudie uongo.

"Sema baada yangu," msimamizi alianza. "Mimi..."

"Mimi..."

"Usiape!" Fundi alikuwa amesimama, kile kiti kimeanguka nyuma yake. "Usiape kwa jina la baba yako!"

 Muuza mkaa akajishika mdomo, maana hata yeye hakutaka lifike huko. Msimamizi akafumba macho kidogo, akayafumbua, akamwita askari kwa kidole.

*

"Nilitegemea watamrudisha nyumbani tu," muuza mkaa alimnong'oneza akimwokotea kizibao, ambacho fundi alikivua bila kujijua. "Wallahi, jirani yangu. Nilidhani watasema toka, basi."

 Fundi alitoka kufuata njia aliyopitishwa mwanawe, lakini mlangoni pa shule mratibu wa shirika alikuwa anashuka kwenye pikipiki, amepigiwa simu. Alimshika mikono yote miwili.

"Mama, hongera! Umefanya kazi ya kutukuka."

"Yule ni mwanangu."

"Nimeambiwa. Ndiyo maana nasema ya kutukuka. Ni wangapi wangethubutu?" Alikuwa amekwisha kuchukua fomu mkononi mwake, anaipekua. "Vituo vyote vinaniletea hali shwari, hali shwari. Wafadhili wanaanza kuuliza tunakwenda kuangalia nini. Hapa umeruka. Hapa, kipengele cha jina lisilo lake. Tia alama tu, ndipo uende."

Aligeuka, akamwinamishia fundi mgongo wake aandikie hapo. Fundi akaiweka fomu juu ya mgongo wa mratibu, shati limelowa jasho.

"Na yule?" aliuliza.

"Yupi?"

"Nyapara. Amewaleta kwa lori. Amewaambia asiye na wino harudi kazini. Mwanangu amekuja kwa sababu hiyo. Niandike wapi?"

Mratibu alinyooka, akatazama kule mstarini. Alikuwa kijana msikivu, akaonekana anafikiri kwa dhati. "Mama, yule yuko nje ya mstari. Sisi tunaripoti yaliyotokea kituoni."

"Wao wako ndani, kamba inayowavuta iko nje."

"Naelewa. Lakini fomu haina sehemu hiyo." Akainama tena. "Tia alama, mama."

Akatia alama. Alikuwa amechoka, na karatasi ya mtu mwingine ikishakuwa mbele yako na kalamu mkononi, kukataa kunahitaji nguvu ambazo wakati ule hakuwa nazo.

Kisha akaenda kwa nyapara. Alivuka mstari wa chokaa, viatu vikachukua weupe. Wapagazi walikuwa wamepanda lorini tayari, wamekaa kimya, vidole vyao vya wino juu ya magoti.

"Shemeji, nenda kaseme," fundi alimwambia nyapara. "Kituo cha polisi ni hapo tu. Waambie wewe ndiye uliyemwita kwa jina hilo. Waambie ni kazi, si wizi. Mtoto alikuwa anatii."

Nyapara akakitoa mdomoni kile kijiti cha meno. Alimsikiliza hadi mwisho, kwa heshima zote.

"Mama," alisema, na fundi aliposikia ameitwa mama badala ya shemeji alijua kazi imekwisha, "mumeo namjua. Mtu mwema, mchapa kazi. Kumbe alifariki?"

"Ulikuja msibani!"

"Pole sana. Pole mno. Sisi huko ghalani hatukuletewa taarifa." Alitikisa kichwa kwa masikitiko, akawageukia wapagazi. "Jamani, mwenzetu ametangulia. Kesho nitalitoa jina lake."

Hakuna aliyeinua uso. Yule mcheshi wao alikuwa anaangalia sakafu ya lori. Nyapara akagonga ubavu wa gari mara mbili kwa kiganja, likaondoka, na mume wa fundi akawa amekufa kwa mara ya pili, safari hii na mshahara wake.

*

Kituo cha polisi kilikuwa chumba kimoja chenye kaunta ya mbao iliyong'arishwa kwa viwiko vya watu. Kijana alikaa kwenye benchi, miguu mitupu. Viatu na mkanda walishamvua, akawa ameshika suruali kiunoni isimteremke. Fundi alipoingia alitaka kwanza kumshonea tanzi la kamba pale kiunoni. Hilo ndilo lililomjia kichwani, la kifundi fundi, kwa sababu mengine yalikuwa makubwa hayabebeki.

Askari wa kaunta, mtu mzima mwenye miwani ya kusomea, alimruhusu akae karibu na mwanawe akimsubiri mwenzake alete kalamu. Ya kwake ilikuwa imekauka.

"Umekula?" fundi aliuliza.

"Sina njaa."

"Chai uliikuta kwenye chupa?"

"Niliikuta."

Wakakaa. Ukutani palikuwa na kalenda ya mwaka uliopita.

"Si ulisema zahanati?" kijana akauliza mwishowe.

"Walinihamisha. Nilikuwa njiani tayari."

"Ningejua ni wewe nisingeingia. Ningemwambia nyapara foleni ndefu. Ningejichora kidole hata kwa kalamu."

"Kwa nini hukuniambia, baba? Jana tulikula pamoja."

"Ningekuambia nini? Ulikuwa unakishona kizibao chako, umefurahi." Alikuwa hamtazami. "Nyapara alisema, unakula kwa jina la baba yako, basi na kura yake ipige. Sikuona tofauti. Kadi ni ile ile ninayoonyesha getini. Jina ni lile lile."

"Kiapo ni kitu kingine, mwanangu. Ungeapa ungefungwa. Na ni dhambi."

"Ningeapa, ningechovya kidole, ningeondoka." Alisema taratibu, bila hasira, na afadhali angekasirika. "Yule msimamizi alikuwa anataka niende zangu. Ulimwona. Kesho ningeingia kazini, na wewe ungenisema nyumbani, ungenichapa hata ukitaka. Kila asubuhi nasema nipo, mama. Kila asubuhi. Na wewe ndiye uliyenifundisha. Hukuniambia kuna mahali pa kutoitika."

 Fundi alitafuta jibu, kwa maana yeye hakuwa mtu wa kukosa neno, akapata tu kwamba alimpenda, na kwamba aliogopa, na kwamba vyote viwili havikumsaidia mtu. Akauweka mkono wake kwenye goti la kijana. Kijana hakuuondoa, wala hakuushika. Mbona, fundi aliwaza, mbona yule mkufunzi alirudia mara zote zile kwamba mdomo uacheni nyumbani, na mimi nikayakariri maneno hayo vizuri kuliko wote, nikayasahau siku moja tu, kwa mtu mmoja tu, naye ni huyu?

Kalamu ikaja. Askari akafungua kitabu kikubwa, akajaribu wino pembeni ya ukurasa.

"Haya, mtuhumiwa, sogea hapa. Majina matatu."

Kijana akasimama kwenye kaunta, mkono mmoja umeshika suruali. "Naitwa..." akaanza, na jina lililomtoka likawa la baba yake.

"We!" askari akapiga kaunta. "Unanitania? Kosa ni hilo hilo, unaliongeza mbele yangu?"

"Samahani, afande. Imenitoka. Nimezoea."

"Lako wewe. Ulilopewa na wazazi."

Kijana akalitaja, kwanza kwa sauti ndogo, askari akamtaka arudie. Jina lenyewe fundi alilichagua mwenyewe zamani hizo, mumewe anataka jingine, wakacheka, wakashindana, akashinda yeye. Tangu mtoto atolewe shule hakuna mahali lilipoandikwa. Askari aliuliza cheti cha kuzaliwa, hakipo. Akauliza kitambulisho, hakipo. Akauliza kama yuko mtu wa kuthibitisha, na fundi akasema yeye ni mama yake, akaambiwa basi asimame hapo hapo asikilize. Kalamu ikaanza kutembea, herufi moja baada ya nyingine, kwenye kitabu cha washtakiwa, na fundi akiitazama alishikwa na uchungu ambao hakuupata hata makaburini.

Askari alipomaliza akasogeza miwani, akalisoma jina kwa sauti apate uhakika, majina yote matatu, kama anavyoita kila aliyeandikwa mle.

Kijana hakuitika. Alikuwa anaangalia mlangoni, ametulia tu, anangoja mtu mwingine aitikie.

Askari akarudia, kwa ukali zaidi.

Fundi akamgusa mwanawe begani, pole pole, kama alivyokuwa akimwamsha enzi za shule.

"Ni wewe, baba," alimwambia. "Ni wewe unaitwa."